Karata ya Wapenzi na Kahawa ya Bibi

"Nani kakwambia Mwanamfalme Zamaradi ni mpenzi wa mtu?" nilimuuliza Samiha. "Yule aliyemwacha Sada kwenye njaa akakimbia na punda pekee waliyekuwa naye? Hebu nitolee balaa hapa!"

Tulikuwa barazani kwa bibi yangu Anonciata, huku Ndama, Karagwe, karata tumezipanga kwenye mkeka. Tulizitengeneza wenyewe kwa zile kadibodi zinazokaa ndani ya mashati mapya. Baba yake Samiha, Mzee Ramadhani, ana duka la nguo mjini Kayanga, kwa hiyo kadibodi hazikutusumbua. Maana za karata za taroti, zile za Wazungu za kuagulia, Samiha alizitoa kwenye simu. Wahusika tuliwatoa kwenye Milki ya Ziwa Kavu, hadithi ya vitabu saba tunayoisoma tangu sekondari mpaka majalada yamebanduka. Mimi nachora, yeye anaandika maana chini. Na ole wake atakayezishika na mikono ya mafuta, namchamba hapo hapo.

Kazi ilikuwa imetuendea vizuri. Mnara, karata ya kiburi kinachoporomoka, tulimpa Mfalme Korobo na jumba lake la chumvi. Mjinga, anayeanza safari bila kujua aendako, akawa Pweke na mbuzi wake. Kifo kilitupa taabu kidogo, maana Bibi alitia neno huku anachambua maharage.

"Hizo si za kupigia ramli? Mimi ni mzee wa kanisa, nyie."

Nikamweleza kwamba hatumwagulii mtu, na kwamba Kifo kwenye karata ni jambo moja kuisha ili jingine lianze.

"Ah! Basi huyo ni Mama Tandu, mvushaji," akasema. Vitabu vyote saba tumemsomea akimenya ndizi. Watu wa Ziwa Kavu anawajua kuliko majirani zake.

Ikabaki karata moja, Wapenzi. Na Jumamosi Samiha alikuwa anaolewa, anaenda Pangani kwa mume. Karata zilikuwa zawadi yangu kwake.

"Mimi nataka Zamaradi na Sada," alisema. "Mimi ndiye bibi harusi, nipe raha yangu."

"Sichori."

"Vero, una nini lakini?"

"Sina kitu."

"Una wivu."

"Wivu wa nini? Wa huyo bwana wako mwenye masikio kama vikombe?"

Samiha akainuka, akavuta mtandio wake. "Basi baki na karata zako. Nitaondoka bila hizo." Akaanza kutafuta kandambili.

Nilitaka azichukue, kila akizipanga huko anikumbuke, maana Pangani ni mbali na watu husahau. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi, wala si Zamaradi. Lakini huu mdomo wangu, hodari wa kugombana, siku ya kusema neno la maana ukajifunga.

"Samiha," Bibi akaita. "Mgeni haondoki kwangu hajatafuna kahawa. Kaa."

Kwa Bibi hakuna anayebisha. Akaleta kikapu kidogo cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, inayochemshwa na majani ya harufu kisha ikakaushwa na maganda yake. Akachukua tunda moja, akalibandua kwa kucha. Ndani mlikuwa na punje mbili, zimelaliana tumbo kwa tumbo.

"Zamani watu wasio ndugu wakipendana kweli walifanya omukago, undugu wa kuchanjiana," alisema. "Punje mbili za tunda moja. Kila mmoja anapaka yake damu, mwenzake anaimeza. Tangu hapo njaa yako ni njaa yangu. Walikuwa wakifanya wanaume. Sisi wanawake tulitazama tu, tukameza mate." Akatukazia macho. "Wapenzi wenu si hao waliokimbiana. Ni Lihame na Doru."

Tukatazamana. Kitabu cha tano! Wapiganaji wawili, wanawake, waliokuwa maadui mpaka walipogawana kibuyu cha mwisho cha maji jangwani. Siku tuliposoma pale tulilia wote watatu, ndizi zikaungua. Tuliwasahauje?

"Lakini damu ni haramu, Bibi," Samiha alisema, tayari ameshakaa.

"Nani kakuomba damu? Tafuneni."

Tukatafuna, yeye punje yake, mimi yangu.

"Naogopa utanisahau," nikasema, kahawa mdomoni.

"Wee! Nikusahau wewe, na kelele zote hizo?" Akaniangukia begani akilia. Nikalia na mimi, mpaka Bibi akatuambia tusimlowanishie mkeka.

Mchana ule niliwachora Lihame na Doru, kibuyu kati yao. Karata hiyo ilikuwa nzuri kuliko zote. Wino ulipokauka nikachukua mkasi wa Bibi, nikaikata katikati.

"Vero! Umeiharibu!"

"Sijaharibu. Chukua zote, pamoja na Lihame. Doru anabaki Ndama na mimi. Hazikamiliki hizo mpaka tukutane."

Samiha akazikusanya. Alimfunga Lihame kwenye pindo la mtandio.

Baada ya harusi zikapita wiki kimya, nikaanza kununa. Ndipo simu ikalia.

"Mama mkwe amekikuta kile kipande," Samiha alisema. "Alitaka kukitupa, nikakirukia. Akauliza ni kitu gani."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia ni ndugu yangu wa Karagwe, nusu nyingine anayo yeye. Amesema sikukuu ya Idi uje nayo."