Emmett Arudi Kwenye Jalada

Jarida letu lilikuwa la wanaume wanaopenda wanaume wenzao, wale wa makoti na buti za ngozi nyeusi. Tulilitengenezea San Francisco, juu ya duka la fundi viatu. Mhariri alikuwa Vernon Kasprzak, baharia mstaafu. Mimi nilipiga picha. Jarida lilimfikia msomaji wa kijijini Nebraska ndani ya bahasha isiyo na jina la mtumaji, akajua hayuko peke yake.

Kisha ukaja UKIMWI. Tulizika marafiki mfululizo, lakini Vernon alitukataza tusiandike neno juu yake.

"Watu wananunua raha," alisema. "Msiba wanao tele nyumbani."

Asubuhi moja akaingia Emmett Thibodeaux, ambaye picha yake ya jalada ndiyo iliyotujengea jina. Sikumtambua mara moja. Koti lake lilimning'inia kana kwamba limetundikwa msumarini.

"Mbona mnanikodolea macho? Sijafa bado! Nataka jalada."

Vernon akainamisha kichwa. "Emmett, ndugu yangu, usinifanyie hivi."

"Nilipokuwa na kifua ulinibembeleza. Leo unanionea aibu?"

"Si aibu. Kila nikikutazama namwona Russell."

Russell alikuwa mwenzi wa Vernon wa miaka mingi, naye tulimzika mwezi Machi. Jarida halikumwandikia hata mstari mmoja.

Emmett akamshika bega. "Basi tuweke sote, mzee. Mimi jaladani, yeye kurasa za ndani."

Vernon aliinua kichwa. Alinitazama, akanionyesha kamera kwa kidevu.

Nilimpiga Emmett picha dirishani. Poda aliikataa. "Fanya haraka, bwana, miguu inaniishia. Na buti zionekane, nimezipiga kiwi mpaka mkono umekufa ganzi!"

Vernon aliuandika ukurasa wa Russell, akauchana, akauandika tena.

Maduka kadhaa yalilirudisha toleo lile, na wapo waliotutukana. Lakini wasomaji wengine wakaanza kututumia picha za wapenzi wao, watu waliozikwa na ndugu bila kutajwa walivyoishi. Tukawapa kurasa, toleo baada ya toleo, hadi jarida lilipofungwa.

Emmett aliliona jalada lake akiwa kitandani hospitalini, akamringishia kila nesi. Vernon, ambaye tangu Russell afariki hakutaka hata kupita mtaa wa hospitali ile, alikuwa hapo kila siku akimkanda miguu, wakibishana juu ya rangi ya jalada, mpaka Emmett alipokata roho.