Gitaa Nyuma ya Machela

Tangu asubuhi Iraneide alikuwa akinawa mikono, akirudia tena na tena, na bado vidole vyake vilinuka sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti. Haikuwa harufu mbaya. Ilikuwa harufu ya mashua mpya, ile inayotanda ukingoni mwa mto watu wa Icoaraci, pembezoni mwa mji wa Belém, wanapokalafati mbao na kuziba nyufa kabla ya kuzishusha majini. Lakini Jumamosi ile, puani mwake, ilikuwa harufu ya kosa, naye aliikunja mikono yake mapajani kana kwamba angeweza kuificha.

Mvua ilikuwa ingali ikipiga mabati ya baraza la nyuma la Orivaldo. Kikundi chao hakikuwahi kupatana saa. Kilipatana "baada ya mvua", na mvua ya Belém haikuwahi kuwaangusha. Walikuwa watu wachache waliounganishwa na wazimu mmoja: walitafuta magitaa ya umeme ya zamani, hasa yale yaliyochongwa na mafundi wa humo humo jimboni Pará enzi ambazo gitaa la kutoka nje lilikuwa ndoto, wakayatengeneza, kisha wakayalinganisha. Orivaldo, mwenye nyumba, alikuwa fundi redio mstaafu. Lucimar alikuwa muuguzi mwenye ulimi uliochongoka. Iraneide, mdogo kuliko wote, aliuza dawa katika famasi kwa siku za kazi, na jioni zake zote zilikuwa za nyuzi, sumaku na msasa.

Namna yao ya kulinganisha ilikuwa moja, nayo haikuvunjwa. Machela ya pamba, kile kitanda cha kuning'inia, ilitandazwa kama pazia kutoka nguzo hadi nguzo. Mpigaji mmoja alikaa nyuma yake, akapiga wimbo ule ule kwenye amplifaya ile ile, gitaa moja baada ya jingine, na waliokaa mbele wakasema ni lipi. Orivaldo alishikilia kwamba jicho likishaona vanishi nzuri hulihonga sikio. Na siku gitaa lililotengenezwa upya liliporudi kwa mwenyewe, mwenyewe ndiye aliyeketi mbele, ili alitambue la kwake kwa sauti kabla hajalishika.

Leo mwenyewe alikuwa Teodolino, baba wa ubatizo wa Iraneide, ambaye Orivaldo, rafiki yake wa miaka mingi, alimwita kompadre.

Alikuwa amefika kwa meli ya kutoka Cametá, mji wake wa mtoni, shati limepigwa pasi, viatu vimefutwa. Iraneide alikuwa amempokea kwa kuinama kidogo na kusema, "Baraka yako, baba," naye akamjibu, "Mungu akubariki, mwanangu," kisha akamtazama usoni kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Mbona umekonda? Gitaa langu linakula chakula chako?"

Iraneide alicheka. Kicheko kilitoka vibaya.

Teodolino hakuwa amepiga gitaa mbele ya watu tangu mkewe, Clemência, alipofariki. Zamani sherehe ya mtoni bila yeye haikuitwa sherehe. Gitaa lake lilichongwa na seremala wa mashua, marehemu Anacleto, kwa ubao mwepesi wa marupá, na sauti yake ilikuwa nzito na laini, kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo. Unyevu ulikuwa umezila nyaya zake. Alipomkabidhi Iraneide, alisema neno ambalo hadi sasa lilikuwa likimchoma: "Mtibu, lakini asibadilike. Nikimsikia jinsi alivyokuwa, nitapiga kwenye sikukuu ya Mtakatifu Benedito. Watu wa Cametá wameniomba, nami nimewaambia wasubiri nimsikie kwanza."

Na Iraneide alimbadilisha.

Hakukusudia. Alikuwa amefungua kinasa sauti, kile kisanduku kidogo kinachokaa chini ya nyuzi, chenye sumaku na waya mwembamba kuliko unywele uliozungushwa maelfu ya mizunguko, akakuta kimejaa uchafu mgumu, mweusi, unaong'aa. Wataalamu aliowaamini, wale wa nchi za mbali ambao video zao alizitazama kwa unyenyekevu wa mwanafunzi, walifundisha kwamba usafi wa kinasa ndio adabu ya kwanza ya fundi. Basi akaupasha moto taratibu kwa kikausha nywele, akautoa wote, akaufikia waya wa shaba uking'aa kama siku ulipozaliwa. Aliona fahari. Harufu ilipopanda ndipo alipotambua, na hapo maji yalikuwa yamekwisha kumwagika: haukuwa uchafu. Anacleto alikuwa amemimina sandarusi ya mashua juu ya waya ule, ili unyevu usiingie na mizunguko isitikisike. Iraneide alipounganisha amplifaya, gitaa lilipiga yowe la kutisha, yowe lisilokoma, na nyuma ya yowe hilo sauti ile nzito haikuwapo.

Alijaribu kumimina nta. Alijaribu sandarusi nyingine. Yowe lilipungua, likarudi. Mwishowe, siku zikiwa zimekwisha, alichomoa kinasa kutoka kwenye gitaa zuri la kiwandani la São Paulo aliloliweka ukutani kwake, akakifunika kwa kifuniko kile kile cha zamani cha Teodolino, akalehemu nyaya, akafunga skrubu. Lilitoa sauti safi, tamu, isiyo na kasoro. Kila aliyelisikia angelisifu. Alijiambia kwamba mzee angefurahi, angerudi kwenye muziki, na je, furaha ya mtu si kubwa kuliko kisanduku cha waya? Alijiambia hivyo mara nyingi mno, kama mtu anayerudia dua aliyoisahau nusu.

Mvua ilikatika. Orivaldo akaitandaza machela.

"Haya, mabibi na mabwana," alisema, akijibebesha magitaa nyuma ya pazia. "Leo nina watatu. Mmoja wa kompadre Teodolino, mmoja wangu, mmoja wa Lucimar. Atakayechungulia anaosha vyombo."

"La kwako tutalijua tu," Lucimar akasema. "Lina sauti ya mbuzi aliyekwama bomani."

"Mbuzi wangu amechongwa na Anacleto mwenyewe!"

"Basi siku hiyo marehemu alikuwa na homa."

Teodolino alicheka, akavuta kiti chake mbele, akaweka viganja magotini. Iraneide aliketi ubavuni mwake. Aliomba, ingawa hakujua aombe nini: mzee aikubali sauti ya uongo, au aikatae.

Gitaa la kwanza likalia. Lilikuwa kali na jembamba, la Lucimar, na hakuna aliyepata shida.

La pili lilianza chini, zito, lenye ukwaruzo kidogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo la maana. Teodolino alifumba macho. Vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kutembea juu ya goti, vikitafuta nyuzi zisizokuwapo.

La tatu lilikuwa tamu na safi, kila noti imesimama peke yake. Iraneide aliijua. Lucimar alimgusa bega na kumnong'oneza, "Dada, hii ni asali tupu. Umefanya kazi." Iraneide hakuweza kugeuka kumtazama.

"Mwenyewe aseme," Orivaldo akaita toka nyuma ya pazia.

Teodolino alifumbua macho. Yalikuwa yamelowa. "La pili," alisema bila kusita. "Huyo ndiye wangu. Ningemjua hata kaburini."

Orivaldo akainua pindo la machela, uso wake umejaa aibu na kicheko pamoja, na mkononi mwake akiwa na gitaa la kwake mwenyewe, lile la mbuzi.

"Kompadre," alisema, "huyu ni wangu."

Lucimar aliangua kicheko kabla hajaweza kujizuia. "Jamani! Mzee amemchumbia mbuzi!" Orivaldo naye akacheka, na kwa mzaha akamsukuma Teodolino begani, jinsi walivyozoea kutaniana kwa miaka yote. Siku nyingine yoyote mzee angewarudishia kwa tusi zuri, na wote wangeenda kunywa kahawa.

Leo hakurudisha. Alikuwa akitazama gitaa la tatu, la kwake, marupá yake, mkwaruzo aliouchora yeye mwenyewe kwa pete ya ndoa, lililolazwa nyuma ya pazia kama mgeni.

"Lile ndilo langu?"

"Ndilo, kompadre. Tena limetoka zuri ajabu."

Akasema kwa sauti ndogo, bila kumlaumu mtu yeyote, "Basi yamekwisha. Masikio yamekwisha. Nilidhani ni mikono tu inayozeeka."

"Ah, kompadre, usiseme hivyo, kila mtu hukosea..."

"Si kwa huyu. Mtu hamkosei mkewe gizani." Akainuka taratibu, akashika kofia yake. "Orivaldo, wapigie simu watu wa Cametá, waambie watafute mwingine. Sitasimama mbele ya watu nipige kitu nisichokisikia. Na gitaa libaki kwa binti yangu, amelipenda, amelihangaikia. Lisije likaoza kwangu."

Hapo ndipo Iraneide alipoelewa kile alichokuwa amekifanya, na kilikuwa kikubwa kuliko kisanduku cha waya. Mzee alikuwa amesikia sawasawa. Kati ya wote waliokuwa pale barazani, ni yeye tu aliyesikia sawasawa: alikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa Anacleto, kwenye sandarusi, akalikataa gitaa lake mwenyewe kwa sababu ndani yake hamkuwa na kitu chake. Na sasa alikuwa akiondoka huku akiamini kwamba ukweli aliousikia ni uzee. Iraneide akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Kifuniko ni kile kile. Sifa ni zake. Hata gitaa lenyewe lilikuwa limekwisha kuwa lake. Hofu yake yote ya wiki ile ilikuwa ya kukamatwa. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna jambo la kuogopwa zaidi, nalo ni kutokamatwa.

"Baba, kaa," alisema.

"Meli yangu, mwanangu..."

"Kaa, baba. Tafadhali." "Hukukosea. Lile gitaa si lako. Ubao ni wako, kifuniko ni chako, lakini kinasa cha ndani nimekitoa kwenye gitaa langu la São Paulo. Cha kwako nimekiharibu. Nilidhani sandarusi ni uchafu, nikaitoa yote. Kinapiga yowe. Nikaogopa kukwambia."

Orivaldo aliketi juu ya amplifaya.

Teodolino alibaki amesimama, kofia mkononi. "Sema tena," akasema.

"Nimekiharibu, baba."

"Si hapo. Hapo mwanzo."

"Hukukosea."

Mzee aliketi. Kwanza kilimtoka kicheko, kifupi, cha mtu aliyepoteza njia msituni na ghafla akasikia jogoo. Alilishika sikio lake la kulia, akalivuta kama anavyovutwa mtoto mtundu. "Mmesikia?" aliwauliza Orivaldo na Lucimar. "Mmesikia, nyie wacheka mbuzi? Sikukosea!" Kisha kicheko kikaisha, akamgeukia Iraneide, na macho yake hayakuwa na mzaha tena.

"Ungeniacha niondoke?"

Iraneide alitaka sana kusema hapana. "Sijui, baba. Nilikaribia."

"Ulikaribia." Alilitafuna neno hilo. "Clemência alikushika kwenye maji ya ubatizo. Unajua ulilia kiasi gani? Alisema, huyu atakuwa mtu wa kusema mambo. Wiki nzima umenipikia asali ya kununua, ukataka niiite sauti yangu." Akatikisa kichwa. "Nimekasirika, Iraneide. Nataka ujue kwamba nimekasirika. Sitaki uniombe msamaha leo, kwa sababu leo nitakunyima."

"Ndiyo, baba."

"Kiko wapi kinasa changu?"

"Nyumbani. Nimekifunga kwa pamba."

"Kalete."

Alikimbia. Njia ilijaa madimbwi. Maji yalimrukia hadi kiunoni, naye hakuyaona. Aliporudi akihema, machela ilikuwa imekunjwa, na Teodolino alikuwa amekwisha kuligeuza gitaa chali juu ya meza ya Orivaldo, anafungua skrubu kwa ncha ya kisu cha jikoni. Hakumruhusu kushika chochote isipokuwa taa. Orivaldo alilehemu, huku mzee akimsimamia na kumwita fundi wa pasi za mkaa. Lucimar alileta kahawa, akamwekea Iraneide kikombe karibu bila kusema neno, akambana mkono kwa nguvu, akaondoka.

Walipowasha, yowe lilipanda hadi kwenye mabati. Mbwa wa jirani walijibu.

"Mama yangu!" akapaza Orivaldo, ameziba masikio. "Zima!"

"Acha!" Teodolino alisimama na gitaa kifuani. Akageuka kidogo, yowe likapungua. Akageuka zaidi, akaipa spika mgongo, akasogea hatua, akarudi, kama mtu anayetafuta mahali ambapo mlango mbovu haugongi. Akalaza kiganja juu ya nyuzi. Kimya kikapatikana, chembamba, cha kutetemeka. Ndani ya kimya hicho akapiga noti moja, ya chini, na sauti ile nzito ikatoka, imekonda, imepauka, ina kidonda, lakini ikatoka.

Aliisikiliza hadi ikafa.

"Anaumwa," alisema. "Ila ni yeye."

Orivaldo alifuta jasho. "Sandarusi ipo kwa wachonga mashua, kompadre. Tutamimina upya."

"Haitakuwa ile ya Anacleto."

"Haitakuwa."

Teodolino alipiga noti nyingine, akasogea tena nusu hatua kulikwepa yowe. "Jumamosi ijayo," alisema, bado amewapa wote mgongo. "Tutachemsha hapa. Huyu binti atakoroga sufuria mpaka mkono umuume. Waya hataugusa." Kisha: "Na Orivaldo, simu ile ya Cametá. Umeshapiga?"

"Bado."

"Usipige."

Iraneide aliendelea kuishika taa, ingawa jua lilikuwa limerudi na hakuna aliyeihitaji.