Ijumaa ya Tawi la Chini

Wengi wanyime. Wakikasirika, wanyime tena. Najua tulivyofundishwa: wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Basi wachukue, lakini wasiseme walipewa.

Huku kwetu, juu ya Himo, maji ya shamba huja kwa mfongo, mfereji wa udongo ambao mababu waliuchimba kutoka mtoni na kuupitisha mabegani mwa mlima. Ukilala kihambani, shamba la nyumbani, unausikia chini ya migomba, unanong'ona kama mtu anayesali huku usingizi umemchukua. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba mlima unaota, na kwamba mfongo ndio sauti ya ndoto yake, na sisi ni watu wa ndani ya ndoto hiyo. Bado sijapata sababu ya kuacha kuamini.

Mfongo wetu una matawi matatu: Juu, Kati na Chini. Kila tawi lina siku zake na mzee wake. Siku yenu ikifika, nyinyi wenyewe mnaamua nani anyweshe kwanza na nani asubiri, na mtu wa tawi lingine hatii mdomo. Yaliyo ya wote, kama kuzibua mfereji mkuu na kujenga banio, kizuizi cha kugawa maji, kule mtoni ambako matawi yanaachana, yana kamati ya wote na mwenyekiti wake. Na kila mwaka, siku ya msaragambo, kabla jembe la kazi hiyo ya pamoja halijagusa tope, tunalitamka kwa sauti sharti la waliochimba: siku ya tawi hailiwi, hata wote wakubaliane, mpaka mwenye siku akubali kwa kinywa chake.

Chuoni Moshi walitufundisha kwamba jambo la namna hiyo linaitwa katiba. Nilicheka peke yangu darasani. Nilikuwa nimelitamka tangu utotoni, tope likiwa magotini.

Mwaka huu vuli ilipita mbali nasi. Mawingu yalikuja, yakakaa juu ya migomba kama wageni waliosahau walichofuata, yakaondoka. Mwenyekiti wa mfongo, Mzee Eliezeri, ambaye wengi humwita Meku, yaani mzee, ni kaka wa marehemu baba yangu, na ndiye aliyenilea. Mimi nilikuwa katibu wake. Jumapili baada ya ibada alituita nje ya kanisa, katika ukungu mzito hata aliyesimama nyuma akawa sauti tu.

"Ndugu zangu," alisema, "ng'ombe wa Juu hawana majani. Kahawa inasinyaa. Naomba siku za Chini wagawane Juu na Kati mpaka mvua inyeshe. Na banio niachieni mimi, nisiwe naitisha kikao kila asubuhi."

"Mpaka mvua inyeshe, Meku, au mpaka wewe useme imenyesha?" Huyo alikuwa Athanas wa tawi la Kati, na watu wakacheka. Lakini kura ilipoitishwa naye akalisikia tena neno "Kati", mkono wake ulikuwa juu kabla kicheko hakijaisha. Mikono ikaota kwenye ukungu, mingi, haina nyuso.

Dainess, mjane wa Chini, alisogea mbele. "Shikamooni wazee. Nyanya zangu zimeanza kutoa maua. Zikikosa maji Ijumaa hii, zimekufa, na mwaka wangu umekufa nazo. Mimi sijakubali. Mzee wetu Gerson naye hajakubali."

"Wengi wamekubali, mama," baba mkubwa alimjibu kwa upole. "Wengi wape."

Nikasimama. "Baba mkubwa, wengi waamue yaliyo ya wengi. Ijumaa ni ya Chini."

"Diploma hiyo inaongea!" Athanas akapaza sauti. "Meku, tukiziba banio tuzibe na mdomo wa huyu."

Walicheka mpaka ukungu ukatikisika. Jioni hiyo baba mkubwa alinikuta nikimkatia ng'ombe wa mama majani ya mgomba, maana mengine hayakuwepo.

"Aikaeli, mimi ni mwizi?"

"Hapana. Ndiyo maana naogopa. Mwizi tungemfukuza. Wewe tunakupenda, na atakayekuja baada yako atakuta mlango umeshavunjwa na mtu mwema."

Alimtazama ng'ombe, mbavu zake zikihesabika. "Huyu hali katiba," alisema, akaondoka taratibu.

Hakukosea. Sisi ni wa Juu. Maji yale yangepita hatua chache kutoka zizini kwetu.

Ijumaa alfajiri nilishuka kwa Mzee Gerson. Nilimkuta ameshavaa mabuti, amekaa mlangoni, haendi.

"Nikifungua peke yangu," alisema, "watasema Chini wameiba."

"Basi twende wote. Niambie mimi kama katibu: tawi lenu linataka nini?"

Alivua kofia kana kwamba yuko kanisani. "Tawi la Chini linataka siku yake." Kisha akanikazia macho. "Lakini wewe ni mwanamke, binti yangu. Mwanamke akikanyaga banio, maji hukimbia."

"Yameshakimbia, mzee. Yamekimbilia kwetu."

Akacheka mpaka akakohoa, tukapanda. Banioni hapakuwa na mtu, ila mto na ukungu ukitoka majini kama pumzi ya mnyama mkubwa aliyelala. Mdomo wa tawi la Chini ulikuwa umezibwa kwa vigogo vya migomba, mawe na tope. Niliingia hadi mapajani. Gerson alivuta upande wake, nami wangu. Kigogo cha mwisho kilipotoka, mto haukupiga kelele. Uligeuka tu, kama mtu anayejigeuza kitandani, ukaanza kushuka.

Nilitembea pembeni ya kichwa cha maji. Yalibeba majani makavu mbele yake, yakisita kwenye kila kona kana kwamba yanajaribu kukumbuka njia. Migomba ilipita. Kuku walipita. Kwa muda sikujua kama nilikuwa natembea au nilikuwa naotwa. Juu yangu ukungu ulipasuka, Kibo, kilele cha mlima, ikatokea nyeupe, ikatazama, ikajifunika. Kule Chini, Dainess alisimama shambani, akavua ndala, akayaacha maji yapite katikati ya vidole vyake.

Jumapili tulirudi pale pale nje ya kanisa. Mtu alipendekeza banio lizibwe tena. Athanas alikuwa wa kwanza kukataa. "Wakishamaliza Ijumaa ya Chini, watakula Jumanne ya nani?" aliuliza, na watu wa Kati, wenye Jumanne, wakaangaliana. Pendekezo likafa hapo.

Wakageukia kwangu. Niondolewe ukatibu. Nikawaambia wanyooshe mikono. Wakanyoosha, wengi, na Athanas akiwemo. Nikakubali, maana hilo lilikuwa lao.

Ndipo baba mkubwa akaja mbele yangu, mkononi ana jani la isale. Kwa Wachagga, anayeletewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. Alikuwa amelichuma yeye mwenyewe, kwa niaba yangu, ili nimpe nikiomba radhi.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Unipe tu. Yaishe, urudi kula nyumbani."

Mama alikuwa nyuma yake, akinisihi kwa macho. Nilimpenda yule mzee kuliko nilivyowahi kumpenda. Nikaiweka mikono yangu nyuma.

"Ukatibu mmeuchukua kwa haki," nilisema. "Ile siku haikuwa yangu kuitoa, wala yako kuichukua. Siombi radhi, baba mkubwa. Leo siombi, na kesho sitaomba."