Injini Iliyomtosha

Daktari wa meno alirudi safari akakuta mumewe kamfanyia hisani. Na hakuna kitu kinachochoma roho kama hisani usiyoiomba, kwa sababu hata ukigomba unaonekana huna shukrani.

Kigari chake chekundu, chepesi, cha viti viwili, kinachosukumwa na magurudumu ya nyuma, kilikuwa uani kimeoshwa. Mumewe alifungua boneti kwa mbwembwe. "Injini mpya, mke wangu! Ina turbo! Nguvu karibu mara mbili!" Shemeji, mdogo wa mumewe, alikuwa pembeni anachekelea. Huyu ndiye aliyezoea kukiita kigari hicho cherehani.

Daktari akashika usukani, mumewe akaingia, wakaelekea barabara ya mlimani anayoipenda.

Kwa ile injini ndogo alikuwa akikanyaga mafuta mpaka mwisho, na kigari kikimpa chote kilichokuwa nacho bila kuvunja sheria. Kwenye kona alihisi kiunoni mkia wa gari ukianza kuteleza, naye akaurudisha polepole. Ndiyo ilikuwa raha yake! Leo aligusa mafuta kidogo, injini ikazubaa kwanza, kisha turbo ikaamka kwa pupa katikati ya kona na mkia ukamponyoka. Alikiweka sawa kwa taabu, akasimama kando ya barabara.

"Umeona nguvu hiyo?" mumewe akasema, ingawa alikuwa ameng'ang'ania mlango.

"Ya kunipeleka wapi? Baba watoto, mimi nang'oa meno. Anayetumia nguvu huvunja taya. Nani alikwambia nimepungukiwa?"

"Mdogo wangu alisema watu wanatucheka. Hata malori yanatupita hapa."

"Yatupite! Anayepitwa ni mimi, kinachowauma ninyi ni nini? Usiige kunya kwa tembo, utapasuka msamba. Kesho injini yangu irudi."

Mumewe akageukia dirisha. "Haipo tena. Tuliitupa kwenye vyuma chakavu."

Hasira zilimpanda daktari hata machozi yakamlenga. Kitu chake, kimeamuliwa na wanaume wawili ambao hawajawahi kukiendesha! Akashuka, akamwekea mumewe ufunguo kiganjani.

"Hili ni lenu. Langu mmeliua."

Akaanza kuteremka mlima kwa miguu. Mumewe alimfuata nyuma kwa gia ya kwanza, injini na nguvu zake zote zile, akimbembeleza apande.