Nta Isiyeyuke

Jumatatu ile Hortensia Bojórquez alikwenda kazini na kipande cha nta, kikubwa kiasi cha kidole gumba, juu ya kisahani cha kahawa. Alikiweka sakafuni mwa gari lake, nyuma ya kiti cha abiria, akafunga mlango na kuingia kiwandani kuunga nyaya. Saa tisa na nusu alasiri alipotoka, nta ilikuwa mchuzi.

"Vizuri," alisema, akaufuta mchuzi kwa kitambaa. "Sasa najua napigana na nani."

Tencha, maana hakuna aliyemwita Hortensia isipokuwa karani wa mishahara, alikuwa mtu wa namna hiyo. Ukimwambia jambo haliwezekani, anakuuliza ni saa ngapi haliwezekani.

Nta ile alipewa na fundi wa kodiani, kinanda kile cha mivukuto kinachovaliwa kifuani. Ndani ya kodiani mna ndimi ndogo za chuma, nyembamba, mamia kwa mamia, na kila ulimi umegandishwa mahali pake kwa nta. Nta ikiyeyuka ndimi zinaachia, zinaangukiana, na kodiani inabaki sanduku la kukohoa. Na Mexicali, mji wa jangwani kaskazini mwa Meksiko, mwezi wa Julai, gari lililoegeshwa juani linayeyusha hadi viatu. Watu huendesha wakiwa wamevaa glavu za jikoni ili usukani usiwachune ngozi, na hakuna anayecheka.

Ijumaa saa kumi kamili Tencha alitakiwa nyumbani kwa Nabor Cebreros, kiongozi wa kundi lililopiga muziki kwenye harusi zote za maana bondeni. Mpiga kodiani wao alikuwa amehamia Tijuana. Nabor alikubali kumsikiliza, mara moja tu, kwa sababu saa kumi na moja kundi zima lilikuwa linasafiri kwenda San Luis.

"Mimi sina shida na wanawake, dada," alimwambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu mwenye shida kubwa na wanawake. "Shida yangu ni watu wanaochelewa na kuleta visingizio."

"Basi hatuna shida," Tencha alijibu.

Alikuwa na miaka arobaini na moja. Tangu ana kumi na miwili alikuwa akipiga kodiani ya baba yake jikoni, kwenye ubatizo wa watoto wa majirani, kwenye misiba, na malipo yake yalikuwa sahani ya nyama na "Mungu akuzidishie." Aliitaka nafasi ile kwa uchu uliomwaibisha hata yeye mwenyewe. Lakini kutoka kiwandani hadi kwa Nabor ni dakika ishirini, na nyumbani kwake ni mwendo wa saa nzima upande mwingine kabisa. Hakukuwa na njia ya kupitia nyumbani kuchukua kodiani. Kuomba ruhusa nako kulishindikana, kwa sababu alikwishakosa kazi mara mbili tangu Januari, na ya tatu ingekuwa ya kwenda nyumbani moja kwa moja. Kodiani ilipaswa kuja naye alfajiri na kukaa garini hadi saa tisa na nusu alasiri, kwenye maegesho yasiyo na mti hata mmoja.

Alianza kwa kumjaribu mzee Wenceslao, mlinzi wa getini, ambaye kibanda chake kilikuwa na kiyoyozi.

"Mzee Wence, Ijumaa nikuachie kodiani yangu humo ndani?"

"Binti, humu haiingii hata ndala ya mtu," mzee alisema bila kunyanyua macho kwenye daftari la magari. "Mwaka juzi nilimtunzia mama mmoja mkoba, jioni akasema nimemlia simu. Simu niile mimi, na meno yenyewe haya?"

"Nitakuandikia karatasi kwamba sitakudai kitu."

"Andika uisome mwenyewe. Kanuni ni kanuni."

Kiwandani kwenyewe hakikuingia kitu isipokuwa mfuko wa plastiki unaoonyesha chakula chako. Kwa hiyo lilibaki gari, na kisahani.

Jumanne aliweka pazia la fedha kwenye kioo cha mbele, lile linalokunjuka kama feni ya mkono, ambalo kila mtu mjini analo. Nta ilitoka laini kama siagi. Jumanne usiku alilaza magazeti juu ya vioo vyote sita, akachora umbo la kila kimoja, akakata vipande vya ile karatasi nene ya kung'aa yenye mapovu wanayotandika chini ya mabati. Jumatano asubuhi alivisukuma kwenye fremu hadi vikabana, pande zote sita, upande unaong'aa ukitazama nje. Nta ilishika umbo lake, lakini kidole kilizama ndani hadi kwenye kucha.

"Shoga, leo unapika nini humo?" aliuliza Brígida, aliyekaa naye meza moja ya kazi. "Maana juzi ulikuwa na supu."

"Cheka tu. Ijumaa usiku utanisikia San Luis."

"Nitakusikia ukilia. Mwanamke mzima unashinda ukicheza na nta! Kwa nini usiegeshe ukutani kwenye kivuli kama wenzako?"

Hapo ndipo Tencha alipoamka kimawazo. Kila alfajiri magari yaligombea kivuli cha ukuta wa mashariki, na kufikia saa nne kivuli chenyewe kilikuwa kimekwisha, magari yamebaki uchi hadi jioni. Tencha alitumia mapumziko ya mchana kutazama tangi la maji lililosimama juu ya nguzo kando ya maegesho, akikadiria kivuli chake kitakavyosogea. Halikuwa na faida kwa mtu asubuhi, lakini baada ya saa nane, jua linapokuwa kali kuliko yote, kivuli chake kilianguka mahali ambapo hakuna aliyewahi kupataka. Wenzake waliegesha palipo na kivuli. Yeye Alhamisi aliegesha pale kivuli kitakapokuja.

Siku hiyo hiyo aliteremsha kila kioo cha mlango upana wa kidole, joto lipate pa kutokea. Aliweka feni ndogo ya betri sakafuni. Nta akaifunika kwa kitu kinene kuliko vyote alivyokuwa navyo, shuka la kitoto lililoshonewa pamba ndani, la binti yake, ambaye sasa alikuwa chuoni Hermosillo na angekufa kwa aibu kujua lile shuka lenye vifaranga vya bata bado lipo. Saa tisa na nusu alipofunua kisahani na kuisukuma nta kwa ukucha, haikusogea. Aliubusu mkono wake mwenyewe kwa kukosa wa kumbusu.

Ijumaa aliingia maegeshoni saa kumi na moja alfajiri. Aliilaza kodiani sakafuni nyuma ya kiti, ndani ya sanduku lake laini, akaizungushia shuka mara tatu, akaelekeza feni juu yake na kubana vioo vyote sita. Alifunga mlango taratibu, kisha akaufungua tena kuhakikisha, kisha akaufunga.

Asubuhi yote alikosea nyaya. Saa sita kasorobo, alipokuwa anafungua burito yake, chapati iliyoviringishiwa nyama kavu, kipaza sauti kiliita: mwenye Nissani nyeupe iliyo karibu na tangi la maji aje getini haraka, haraka sana.

Alikimbia. Jua lilimpiga utosini, lami ikamshika soli. Toka mbali aliona kioo cha nyuma cha gari lake hakipo. Kilikuwa kimemwagika chini chembe chembe, na mtungi wa zimamoto ulikuwa umelala katikati ya chembe hizo. Kipande chake cha karatasi ya mapovu kilining'inia nje, na jua lilikuwa limeingia ndani lote, bila kipingamizi, kama mwenye nyumba.

"Nani?" alipiga kelele. "Nani kanifanyia hivi? Nani?"

Alifika kibandani amepandwa na hasira hadi machozi yanamtoka, akapiga teke mlango. Mzee Wence alikuwa amekaa sakafuni chini ya kiyoyozi. Mkono wake mmoja ulikuwa unavuja damu. Kifuani alikuwa amekumbatia shuka la vifaranga vya bata, na kwa kofia yake ya kazi alikuwa akilipepea.

"Mzee, umefanya nini?"

"Lilitikisika," mzee alisema. Midomo yake haikuwa na rangi. "Nilikuwa napita kuandika namba. Nikachungulia penye uwazi, nikaona shuka la mtoto. Nikasema aah, nguo tu. Kisha likatikisika."

"Ni feni! Kuna feni mle ndani! Nilikuomba hapa hapa Jumatatu unitunzie, ukaniambia kanuni!"

"Gari limezibwa kila upande, binti. Ni nani anaziba gari hivyo?"

"Mtu mwenye kodiani!" Tencha alifoka. "Hiyo ni kodiani, mzee! Umenivunjia kioo, umekimbia nayo juani, na nta yake ikiwa moto huwa haitakiwi hata kuguswa! Saa kumi mtu ananisubiri! Wiki nzima nimehangaika, wiki nzima..."

"Najua ni kodiani," mzee alisema. "Nilijua nilipoinyanyua. Ilikuwa nzito mno."

"Sasa kwa nini bado unaipepea?"

Mzee Wence aliangalia kofia mkononi mwake, akaishusha, lakini shuka hakuliachia.

"Kabla ya hapa nililinda maegesho ya soko," alisema. "Miaka tisa iliyopita. Palikuwa na gari jekundu, vioo vyeusi. Nilipita mara mbili. Mara ya kwanza niliona mguu, nikadhani mwanasesere. Mara ya pili nikasema mwenyewe yupo karibu, nisije nikalipishwa kioo cha watu. Hakikulia kitoto kile. Mtu unategemea kitalia, si ndiyo? Kingelia ningevunja. Hakikulia kabisa."

Kiyoyozi kilinguruma. Hasira ya Tencha ilikuwa bado ipo, na aliitafutia mahali pa kuiweka asipaone. Alipiga magoti, akautazama ule mkono wenye damu, kisha akatazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano za mapumziko. Kioo angeshughulika nacho baadaye. Kwa Nabor angefika hata kwa gari lisilo na kioo kimoja. Kitu kimoja tu alitakiwa kukijua sasa, na hakikujulikana kwa kutazama.

"Nipe," alisema.

Mzee alimpa kwa mikono miwili, akiishika sehemu ya juu kwanza, jinsi mtu anavyompokeza mwenzake kichanga. Tencha aliinusa. Haikuwa na harufu ya nta ya moto. Alilifungua sanduku, akaigusa mbao kwa shavu lake. Ilikuwa ya vuguvugu. Hapo angeweza kungoja ipoe kabisa. Fundi alisema hivyo, ikipata moto ingoje. Lakini alimwona mzee akiitazama mikono yake, amekaa vile vile sakafuni, mapaja wazi kama bado amepakata kitu.

"Binti," mzee alisema. "Ifanye ilie."

Tencha alipitisha mikanda mabegani. Alifungua mivukuto polepole sana, akakibonyeza kitufe cha kwanza. Sauti ikatoka. Cha pili kikatoa. Alipanda safu ya kwanza hadi juu, akashuka na ya pili, na kila ulimi ulikuwa mahali pake na ulisema neno lake. Safu ya tatu aliimaliza kwa sauti nyembamba kuliko zote, kali, isiyo na muziki ndani yake, ile ambayo wapigaji huikwepa kwa sababu inafanana mno na kichanga kilichoamshwa. Ilijaza kibanda kizima. Ilikuwa nzima. Kodiani ilikuwa nzima, na saa kumi angekuwa kwa Nabor.

Mzee Wence alikuwa amefunika uso wake kwa kofia.

"Tena," alisema.

Tencha alivuta hewa ndani ya mivukuto, akakibonyeza kitufe kile kile, na hakukiachia.