Mlangoni kwa Bi Asumini

Minza alifika senta ya Kasoli kanga imemkaa upande, akaliona lori la mkwewe limeegeshwa mbele ya chumba cha chai cha Bi Asumini, akamshukuru Mungu mapema mno. Binti yake Kabula alikuwa zahanati, uchungu umemshika tangu usiku na mtoto hataki kushuka. Nesi Wilhelmina hakumung'unya maneno. "Mama, mimi hapa nimefika mwisho. Akapasuliwe hospitali, Bariadi. Tafuta gari."

Gari lenyewe lilikuwa hilo tu. Zamani chama cha ushirika kilikuwa na gari lake, mgonjwa akizidiwa linatumwa. Lakini tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, chama kilikuwa hoi na gari lake limewekwa juu ya mawe, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Lori la wanunuzi wapya liliendeshwa na Mayige, mume wa Kabula, aliyeondoka nyumbani juzi bila kujua kwamba siku za mkewe zimewadia.

Basi si aingie amwite? Anayeuliza hivyo hamjui Minza. Kwao mkwe wa kiume hali wala hanywi mbele ya mama mkwe, wala mama mkwe mbele yake, na mama mkwe hatamki jina lake. Wakikutana njiani mmoja huacha njia, mwenzake apite. Tangu Kabula aolewe, Minza hakuwahi kumwona Mayige akitafuna hata karanga. Wanawake wenzake walimsifu kwa hilo, na sifa hizo, tuseme ukweli, alizipenda. Sasa mkwe yumo ndani anakunywa chai.

Na chumba chenyewe kilikuwa na mambo yake. Bi Asumini, mjane wa mwenye duka kutoka Tabora, alipika chai ya tangawizi na iliki ambayo watu waliifuata kutoka Ngulyati, lakini aliinywesha kwa amri kama za jeshini. Viatu nje. Unakaa alipokuonyesha yeye. Kupuliza chai marufuku, kufyonza kwa sauti marufuku, na hakuna kusema neno mpaka umalize kikombe cha kwanza. Amri kubwa kuliko zote ilikuja na biashara huria: mawakala wa makampuni walikuwa wakiingia kunyang'anyana wakulima na madereva, huyu anamvuta shati, yule mkono, vikombe vinapasuka. Bi Asumini akakata shauri kwamba anayekunywa chai haitwi nje wala hapelekewi habari. Watu walinung'unika, kisha wakazoea, na mwishowe wakaona fahari.

Mzee Shigela, mpima pamba, alikuwa akivaa viatu mlangoni. Minza akapiga goti kidogo, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Mbona unahema?"

"Nina shida na mume wa Kabula."

Shida gani, hakusema. Mambo ya uzazi hatajiwi mwanamume wa watu barabarani. Angetaja hilo moja tu, Shigela angerudi ndani na amri zote zingeenda na maji. Lakini hakutaja, na mzee akaitikia kwa adabu ileile.

"Yumo, anakunywa. Ngoja amalize, mayu. Atatoka sasa hivi."

Minza akakaa kwenye jiwe kando ya mlango, uso kaupa barabara ili asije akachungulia ndani kwa bahati mbaya. Alingoja. Punda wa maji wakapita, wakarudi. Watu walitoka, viatu vikapungua, viatu vya Mayige havikuondoka. Mara mbili aliinuka, na mara mbili miguu ilimgomea kizingitini. Alijiambia kwamba uzazi wa kwanza huchelewa. Alijua anajidanganya.

Jua lilikuwa limeshapanda juu alipofika Justina, jirani yake, pekupeku na jasho linamtiririka. Alimtazama Minza, akalitazama lori, asiamini.

"Umekaa? Minza, umekaa? Kabula haongei tena."

Minza aliingia ndani na viatu vyake. Bi Asumini akamzuia, birika mkononi. "Mama, viatu. Na humu hasemi mtu kabla ya kikombe cha kwanza."

Mwingine angempiga kikumbo. Minza alikuwa mtu wa kutii, ndivyo alivyolelewa, na siku hiyo utii wake ulinitia hasira hata mimi ninayesimulia. Alikipokea kikombe. Kwenye kona Mayige alishajifunika uso na kuugeukia ukuta. Wanaume wote wakainamisha vichwa, kwa maana walielewa kinachotaka kutendeka mbele yao. Minza akainywa chai ile yote kwa mkupuo, mbele ya mkwewe, ikamuunguza ulimi na koo.

"Kabula anakufa na mtoto tumboni," alisema. "Ninahitaji lori."

Birika likamtoka Bi Asumini mkononi. "Kwa nini hukusema, mwanamke mwenzangu? Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

Mayige alikuwa ameshampita mbio, akamgusa bega, jambo ambalo siku nyingine lingehitaji mbuzi wa kuombea radhi. Walimchukua Kabula zahanati, wakamlaza nyuma ya lori, juu ya magunia ya pamba. Minza akampakata kichwa.

Huko Bariadi daktari alimwokoa Kabula. Mtoto, wa kiume, walimtoa amekufa. "Haujapita muda mrefu," nesi wa pale alisema, akidhani anawafariji.

Mayige na mama mkwe wake walikaa benchi moja nje ya wodi, wamepeana mgongo. Mayige akauambia ukuta:

"Mayu, nilikuona."

"Lini?"

"Tangu ulipokaa. Nilikuona dirishani. Nikadhani umepumzika, unatoka gulioni. Mlango ni mmoja, nikaona haya kukuruka. Nikaagiza chai nyingine, nikawa nangoja uondoke."

Minza alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Alitaka kumchukia kijana huyu; angemchukia, angalau angepumua. Lakini alichokifanya Mayige kilikuwa adabu tupu, adabu ileile aliyomsifia kwa majirani.

Jioni walimruhusu Minza aingie peke yake. Kabula alikuwa mweupe midomo, macho makavu. Alikuwa ameshaambiwa.

"Mama, mlimpata mbali?"

Uongo ulikuwa karibu, na ungekuwa wa huruma. Ulimi wa Minza uliounguzwa ulikuwa mzito. "Hapana, mwanangu. Alikuwa hapo senta. Yeye alikuwa ndani, mimi nilikuwa mlangoni."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

Kabula alimtazama mama yake, akijaribu kuelewa.

"Sasa mlikuwa mnangoja nini?" aliuliza.