Mwanamke wa Sita Ukutani

Baba alikuwa mchora mabango, na maneno yake yalikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Ukimsalimia, anaitikia kwa nyusi. Lakini saluni ya Mama aliichorea ukuta mzima wa ndani: wanawake sita, kila mmoja na mtindo wake wa nywele, wateja wachague. Sura sasa, ilikuwa ile ile moja.

"Mama Saluni, hapa mnasuka nywele au mnagawa nyuso?" wateja walicheka. Wengine walisema ni sura ya Mama mwenyewe, naye akawasonya. Mimi niliyekulia chini ya viti vile, nikinusa mafuta ya nywele, nilidhani wale ni shangazi zangu. Kila asubuhi niliwapa shikamoo. Ah, utoto mtamu jamani!

"Uvivu tu," Mama alisema kila siku. "Kajua sura moja, basi. Mimi mwenyewe hajaniangalia tangu anioe."

Yule wa sita Baba alimchora siku waliyogombana. Kabla rangi haijakauka, Mama akasukuma draya kubwa ya kukaushia nywele mbele ya huyo mwanamke, wala hakumtazama. Baba akaosha brashi zake, akaenda kulala. Draya haikuondoka tena pale.

Baba alipofariki, Mama akaamua ukuta upakwe rangi nyeupe. Niliwaka.

"Mama, hiki ndicho alichotuachia!"

"Kililie wewe. Mimi niliishi na mwenyewe."

Ningefanyaje? Saluni ni yake. Nilinuna hadi fundi rangi alipofika na ndoo yake. Tukaiondoa draya, naye akaanza kufuta vumbi kwa kitambaa cha sabuni. Mwanamke wa sita akatokea, nywele zimefungwa juu, shingo wazi, kichwa kakigeuza kidogo. Nyuma ya sikio palikuwa na kijialama kilichopinda.

"Fundi, umechubua rangi hapo," nilimfokea.

"Mimi? Hii imechorwa, dada. Angalia vizuri."

Mama aliinuka kitini. Mkono wake ukaenda nyuma ya sikio, juu ya kitambaa chake cha kichwani. Mama hakuwahi kukubali kusukwa na mtu, hata mimi bintiye, na kitambaa alilala nacho. Siku hiyo alikifungua mbele yetu, akainamisha kichwa. Kovu lilikuwa pale pale, limepinda vile vile.

"Chanuo la moto," alisema. "Nilikuwa msichana, najifunza kazi. Sijamwonyesha mtu, wala yeye."

Akawatazama wote sita, mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayetafuta ndugu zake kituoni.

"Kumbe alikuwa ananiangalia," alisema. "Na mimi nikamwekea draya."

Akalia. Nami nikalia, maana Baba nilimtamani mno saa ile, hata kwa nyusi zake tu.

Fundi alikohoa. "Sasa mama, nianzie wapi?"

Mama akajifuta uso kwa kile kitambaa, na hakukifunga tena.

"Anzia nje, baba."